Majina Aliyoyaita Mwalimu Anjelina

Habari ilimkuta Cecilia sokoni Newala, ameinama juu ya rundo lake la mitumba. Mujibu, muuza sabuni wa meza ya jirani, alikuja akasimama mbele yake.

"Mama Oliva," alisema, "acha nguo, nitakuangalizia. Nenda maktaba. Mama yako yuko pale anaita watu."

"Anaita watu gani?"

Mujibu akageuza uso. "Watu waliokwisha kufa."

Cecilia alijifunga kanga yake vizuri akaondoka. Asubuhi ile alikuwa amemwacha mama yake ndani na kufunga mlango kwa nje, kama alivyofanya tangu mvua zilipokatika. Hakuhitaji kuuliza nani aliyefungua. Mtaa mzima ulimsikia bibi akigonga mlango, na mtu hawezi kuvumilia mlango unaogongwa hivyo kutwa nzima.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuupanda uwanda wa juu wa Newala na malori yao. Mji ulijaa redio za kaseti na vitambaa vya kung'aa, na majengo ya ushirika yalibaki na milango iliyoshika kutu. Maktaba ilikuwa katika moja ya majengo hayo, chumba kirefu chenye madirisha ya mbao. Kabla ya rafu za vitabu kuletwa, katika miaka ya kisomo, chumba hicho kilikuwa darasa la watu wazima. Walikuja humo wakulima na wachota maji, wakunga na wahunzi, wakitoka shamba na udongo miguuni, kujifunza kuandika majina yao. Mwalimu wao alikuwa Anjelina.

Cecilia aliwakuta wasomaji wamesimama nje, barazani, kama watu waliokimbia nyuki. Akapita katikati yao akaingia.

Mama yake alikuwa amesimama mwisho wa chumba, mgongo umenyooka. Mkono wa kushoto aliukunjua mbele ya kifua kana kwamba umebeba daftari la mahudhurio, lakini haukubeba kitu.

"Getrude," aliita.

Akasubiri. Kusubiri huko ndiko kulikowatoa watu nje. Hakusubiri kama mtu aliyechanganyikiwa. Alielekeza sikio, akamwachia mtu nafasi ya kujibu, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Yeremia. Sauti, Yeremia, sisikii. Haya." Akageuza ukurasa usiokuwepo. "Kasiani." Akasubiri tena, akaangaza macho juu ya viti. "Kasiani hayupo."

Pembeni ya meza yake alisimama Shamsia, mkutubi, binti wa familia ya wafanyabiashara wa Masasi aliyepangiwa kazi Newala mwaka uliotangulia. Hakumzuia bibi. Alimpa Cecilia ishara ya mkono asubiri. Wakasubiri wote wawili mpaka majina yakaisha na Anjelina akatafuta kiti akaketi, amechoka kama mtu aliyefanya kazi ya halali.

"Twende nyumbani, mama," Cecilia alisema.

Anjelina alimtazama kwa adabu. "Wewe ni mgeni? Andikisha jina kwanza."

Ndipo Cecilia alipokalia sakafu ya maktaba akalia.

Ugonjwa ulikuwa umeanza polepole. Kwanza chumvi kwenye chai. Kisha akawa anauliza habari za mumewe, aliyezikwa zamani, na kila akijibiwa alipata msiba mpya. Majirani walisema ni mahoka, mizimu ya ukoo inayodai haki yake. Cecilia akampeleka kwa mganga, wakachoma dawa mpaka macho yakawawasha. Halafu wakateremka hospitali, upande wa Masasi. Daktari alisema bila kuficha kwamba ni ubongo unaochakaa, na kwamba hana dawa yake. Walirudi wakipanda mteremko, mama yake amebana uso dirishani, akiuliza kila kijiji wanakwenda wapi.

Yote hayo Cecilia alimsimulia Shamsia pale sakafuni. Alimwonyesha na mikono ya mama yake, iliyovimba kwa kugonga mlango.

"Mimi si mkatili," alisema. "Lakini nisipouza hatuli. Na akitoka peke yake, barabara ina malori."

"Sijasema wewe ni mkatili, Mama Oliva," Shamsia alijibu. "Bibi yangu mimi alipotea siku moja kule Masasi. Tulimkuta amekaa mtoni, anawasubiri wenzake wa kuoga. Sisi tulimgombeza. Nikikumbuka, roho inaniuma."

Akainuka akaenda rafu ya nyuma, akarudi na kitabu cha wauguzi kilichopasuka jalada. Kilikuwa cha Kiingereza. Shamsia alisoma kimoyomoyo sehemu fulani, kisha akaeleza kwa Kiswahili: mgonjwa wa namna hii asibishiwe. Apewe kazi ambayo mikono yake inaijua. Vitu anavyovizoea visihamishwehamishwe. Na anayemtunza apumzike, la sivyo wataugua wote wawili.

"Hapa ndipo miguu yake inapomleta," Shamsia alisema. "Basi mlete mwenyewe, jua likipinda. Mimi nipo, na mlango uko wazi. Wewe nenda ukauze."

"Na wasomaji wako?"

"Wasomaji watazoea."

Hawakuzoea upesi. Shamsia alisogeza rafu, na nyuma yake ukatokea ubao wa zamani, bado una weupe wa chaki. Alipanga viti kwa safu kama vilivyokuwa. Kila alasiri Anjelina alifika, akasafisha ubao kwa kiganja, akaandika irabu, akaita majina. Ukungu wa uwanda ulipoingia madirishani viti vile vitupu vilionekana kama vimekaliwa, na wanafunzi wa sekondari waliokuja kujisomea walichukua vitabu vyao wakakaa barazani kwenye upepo kuliko kukalia kimoja.

Wa kwanza kukaa alikuwa Nurdini, fundi cherehani. Alikuja kuazima gazeti la zamani la kukatia ruwaza ya suruali, na alikuwa anatoka mlangoni aliposikia nyuma yake, "Somoe."

Akasimama. Somoe lilikuwa jina la mama yake.

"Somoe, iache ndoo hapo nje uingie," Anjelina aliliambia pengo la mlango, pale pale aliposimama Nurdini. "Maji hayatakimbia. Na ukamue kanga, umelowa mpaka magotini. Kaa. Jana uliandika Nurdini vizuri sana, leo tutaandika jina lako wewe."

Nurdini alikuwa mtoto mdogo mama yake alipofariki. Alijua kwamba alikuwa anateremka bondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba alijua kuandika. Alisogea kando ya mlango taratibu, kama anayempisha mtu, akakaa kiti cha nyuma na gazeti lake mapajani. Kesho yake alirudi. Wateja wake wakawa wanajua kwamba jua likipinda fundi hayupo kibandani.

Baada ya Nurdini walikuja wengine, mmoja mmoja, kila mtu akijifanya anatafuta kitabu. Walikuja kusikia wazazi wao wakikaripiwa na kusifiwa. Getrude alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto. Yeremia alikuwa na sauti ndogo kuliko mwili wake. Wengine walitoka wakicheka, wengine walitoka hawataki kusemeshwa.

Ni Shamsia aliyegundua jambo la viti, na alimwambia Cecilia peke yake, kwa sauti ya chini, siku walipokuwa wakifunga madirisha.

"Umesikiliza wanaoitika na wasioitika?"

"Sijakuelewa."

"Akisubiri akatikisa kichwa, huyo ameitika. Akisema hayupo, hakuitika. Mimi si mtu wa hapa, nimekuwa nauliza habari za kila jina." Shamsia alitazama mlangoni. "Wote wanaoitika ni marehemu, Mama Oliva. Wanaosemwa hawapo ndio wazima."

Cecilia alisukuma komeo la dirisha la mwisho. Akajiambia kwamba mama yake alizika wengi na anakumbuka matanga yao, ingawa kichwa chake hakijui kwamba kinakumbuka. Hilo lilimtosha kwa siku chache.

Halafu ikaja alasiri moja ya msimu wa salfa, mikorosho ikiwa imepuliziwa na mji mzima unanuka unga ule wa njano. Anjelina aliita kama kawaida. Alipofika kwa Kasiani, mkulima wa Mnyambe ambaye siku zote alisemwa hayupo, alisubiri, na uso wake ukachangamka.

"Ahaa. Kasiani. Leo umekuja."

Waliokuwa vitini walitazamana. Nurdini alinyanyuka, akatoka, akaenda kusimama juani.

Jioni gari kutoka Mnyambe lilileta habari ya msiba. Kasiani alikuwa ameanguka akafa shambani asubuhi ile, pampu ya salfa mgongoni. Hakuna mtu mjini aliyekuwa ameisikia habari hiyo alasiri.

Kuanzia siku hiyo watu hawakusema tena kwamba Anjelina anawaita wafu. Walisema kwamba anaita, na mtu anakufa. Akina mama waliokuwa wakimpa mkono njiani walivuka upande wa pili. Mtu alimwaga majivu mlangoni kwa Cecilia. Baada ya mazishi Dickson, mtoto mkubwa wa Kasiani, alikuja maktaba na ndugu zake wawili, akasimama mbele ya meza ya Shamsia. Hakupiga kelele.

"Dada, sisi si watu wa fujo," alisema. "Lakini bibi huyu akimtaja mtu mwingine wa kwetu, tutakuja kwa namna nyingine."

Msimamizi wa jengo naye alimwita Shamsia. Alikuwa tayari na mfanyabiashara wa redio aliyetaka chumba kile, na sasa alikuwa na sababu. Alimwambia kwamba maktaba ni ya wenye akili timamu, na kwamba bibi asiingie tena.

Cecilia hakungoja kuambiwa mara mbili. Alirudia kufunga mlango kwa nje. Mama yake aligonga siku ya kwanza na ya pili. Siku iliyofuata hakugonga, na ukimya huo ulimtesa Cecilia sokoni kuliko makonde yale. Alirudi mbio mchana, akamkuta amekaa kitandani, akiuangalia mkono wake wa kushoto uliokunjuliwa, midomo inatembea bila sauti.

Baada ya matanga ya Kasiani kuanuliwa, mwanamke mzee aliyevaa nguo za msiba alifika kwenye meza ya mitumba. Alikuwa ametoka mbali; vumbi lilimfika kiunoni.

"Shikamoo, mama," Cecilia alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye Cecilia wa Mwalimu?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni Dorothy, mjane wa Kasiani."

Cecilia alishika ukingo wa meza. Alianza kuomba radhi, lakini Dorothy alimkatiza kwa kumwekea mkono begani.

"Wanangu wamesema maneno. Nimeyasikia, na nimewajibu. Mwalimu yuko wapi? Nataka anisomee mahudhurio. Na mimi nilikuwa mwanafunzi wake."

"Mama, wamekataza asiingie pale."

"Nani? Mimi ndiye mfiwa. Nikitaka kwenda, atanizuia nani?"

Wakaenda kufungua mlango. Anjelina hakumtambua Dorothy, wala Cecilia, lakini alipoambiwa kwamba darasa linamsubiri, alitafuta viatu vyake mwenyewe. Walipita barabarani watatu, mgonjwa katikati, na watu wakatoka vibandani kutazama. Shamsia aliwaona wanakuja, akafungua mlango wa maktaba wazi kabisa, akaweka kiti kuuzuia usijifunge.

Chumba kilikuwa kitupu. Dorothy alichagua kiti cha safu ya pili, karibu na dirisha, bila kufikiri, kama mtu anayerudi mahali pake. Cecilia alibaki ukutani. Baada ya muda kivuli kilianguka mlangoni. Alikuwa Dickson, aliyemfuata mama yake. Hakuingia.

Anjelina alisafisha ubao. Akakunjua mkono.

"Getrude." Akasubiri, akatikisa kichwa. "Somoe. Vizuri. Dorothy."

"Nipo, mwalimu."

Anjelina alishtuka. Miezi yote ile hapakuwahi kuwa na sauti iliyotoka vitini. Alisogea hatua moja, akamtazama mwanamke yule kwa muda mrefu, na uso wake ukapita katika mambo mengi ambayo Cecilia hakuweza kuyasoma.

"Dorothy," alisema, "mbona umezeeka hivyo?"

"Ni jua la shamba, mwalimu."

"Pole." Akarudi mahali pake. "Kasiani."

Upepo ulikuwa umetulia. Walisubiri wote: mwalimu na daftari lake lisiloonekana, mkutubi, binti, mjane, na kijana mlangoni aliyekuwa ameshika mwimo kwa mikono miwili. Kisha Anjelina akatikisa kichwa.

"Ameitika, mwalimu?" Dorothy aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Umekaa naye, unaniuliza mimi?"

"Amekaa upande gani?"

"Huo wa dirishani. Na muache kunong'onezana. Kila siku nyinyi wawili."

Dorothy alinyoosha mkono taratibu, akauweka juu ya kiti kitupu kilichokuwa kati yake na dirisha. Hakulia. Alikaa hivyo mpaka majina yakaisha na irabu zikaandikwa, naye akazitamka kwa sauti pamoja na mwalimu, a na e na i, mkono ukiwa palepale. Cecilia alipotazama mlangoni, Dickson alikuwa ameondoka.

Siku ileile njiani, Dorothy alimwambia Cecilia kwamba yeye na Kasiani walifahamiana darasani mle, na kwamba posa ya kwanza ilikuwa neno moja alilomwandikia kwenye kipande cha gunia, limekosewa herufi. "Wanangu hawalijui hilo," alisema. "Leo nitawaeleza."

Hofu haikwisha mjini, lakini ilipungua makali. Wale waliokuwa wakisemwa hawapo walianza kufika, wazee wa Mnyambe na wa mitaa ya karibu, kila mmoja akiwa na sababu zake. Wengine huenda walitaka tu kuhakikisha kwamba wao bado ni wazima. Waliitika kwa sauti kubwa kupita kiasi. Anjelina aliwakaripia kwa kutohudhuria, akawapa herufi za kuandika, nao wakaziandika. Msimamizi aliacha kumkataza bibi, lakini chumba hakikusalimika chote. Mfanyabiashara wa redio alipata nusu yake, ukajengwa ukuta wa mbao, na baada ya hapo irabu zilisomwa na muziki ukisikika upande wa pili.

Ugonjwa haukurudi nyuma. Majina yalianza kumponyoka, Getrude kwanza, halafu Yeremia, mpaka akabaki anasimama na mkono wazi na kinywa kimya, na wanafunzi wake wakitaja majina yao wenyewe kwa zamu ili kumsaidia. Miguu ilipokataa kutembea, Shamsia alichukua vitabu akawa anampelekea nyumbani, anamsomea hadithi na habari za kilimo na chochote kilichokuwepo, Cecilia akiwa sokoni. Mlango haukufungwa tena kwa nje.

Siku moja kabla ya masika Cecilia alikuwa akimpaka mafuta miguuni.

"Cecilia," mama yake aliita.

Ilikuwa zaidi ya mwaka hajalisikia jina hilo kinywani mwake. Cecilia aliacha mikono palepale ilipo. Hakujua ameitwa kama nani, wala upande gani wa darasa, na kwa nukta chache aliogopa kujibu.

"Nipo, mama," alisema.

Anjelina alimtazama, akatikisa kichwa. Hakusema lolote lingine siku hiyo. Alifariki mvua zilipoanza, alasiri, Dorothy akiwa amekaa kitandani kwake na Shamsia akiwa ukurasa wa katikati wa kitabu. Waliomzika walikuwa wengi, na Dickson alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Cecilia alidhani hatakwenda maktaba tena. Akaenda. Shamsia alikuwa ameanza kupokea watu wengine. Mwanamke mmoja wa Chiwata alikuwa amekuja Newala kukaa kwa dada yake na alimleta mumewe, mzee mrefu aliyekuwa katekista, ambaye sasa alivaa shati nje ndani na kuwatoroka wanaomlinda. Shamsia aliuliza mikono yake ilizoea nini, akaambiwa kengele na vitabu vya nyimbo.

"Mimi nitakaa naye," Cecilia alimwambia yule mke. "Nenda sokoni, nunua unachotaka, ukae kidogo na watu. Usiharakishe."

"Anazungumza na watu nisiowaona," mwanamke alisema kwa aibu. "Huwa namkataza."

"Usimkataze. Mwache amalize, halafu mpe maji anywe."

Mwanamke aliondoka akigeuka nyuma mara kwa mara. Mzee alibaki na kitabu cha nyimbo mikononi, anakifungua na kukifunga. Baada ya muda aliinua uso, akatazama mlangoni, ambako hapakuwa na mtu, akatabasamu.

"Shikamoo," alisema.

Cecilia hakugeuka kutazama. Alinyamaza kidogo, ili aliyeamkiwa apate nafasi ya kuitikia, kisha akavuta kiti karibu na mzee akaketi.